Benchi la Watu Sita

Chumba cha mbele ni chako! Cha mbele, Tumu, chenye dirisha la barabarani, si kile cha nyuma karibu na vyoo! Yule mzee mwenye jengo la maduka la Port Shepstone amepiga simu saa kumi na nusu. Mimi nina unga mpaka kwenye viwiko, nikapokea kwa kidole kidogo, akasema yule muuza simu aliyekishika chumba ameghairi, kwa hiyo kesho ukifika utapewa ufunguo wa mbele, kwa kodi ileile mliyopatana. Nimepiga kigelegele mpaka watu wa ghorofa ya tano wakagonga sakafu. Wewe ukapaza sauti kutoka kwa jirani yetu Mama Espe, "Mama, kuna nini huko?" Nikakujibu nimeona panya.

Mwanangu, hakukuwa na panya.

Haya, sasa ndiyo salamu. Mwantumu binti yangu, nakuandikia uko hatua kumi kutoka hapa nilipo, mlango wa pili, unasukwa nywele za safari, nasikia mnavyocheka. Ningeweza kuja kukuambia mdomoni. Nimesimama mlangoni mara mbili, nikarudi. Kuna jambo nililoshindwa kukuambia mdomoni miaka tisa, na nikianza na chumba cha mbele nitafurahi, nikifurahi nitaongea, nikiongea sana nitalikwepa tena. Unanijua. Kwa hiyo nimekaa chini na darasa langu la saba la Muheza, nikachukua daftari la oda za chapati, naandika. Baba yako ana amri: bakkie, ile pikapu ya Papa Espe, ikishaipita Mobeni, ndipo akupe barua hii. Si kabla. Nimetaka viwanda vile uvione kwa mara ya mwisho huku macho yako bado makavu. Ukimwona baba yako tangu asubuhi anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu, ujue analijua la chumba, na nimemwapisha.

Nisikufiche, huyo mzee mwenye jengo hakupiga simu kwa hisani. Tangu tulipokwenda kukiona chumba, ukakubali cha nyuma kwa upole wako wa baba yako, mimi nimempigia kila siku saa nne asubuhi. Kila siku! Nikamwambia binti yangu ndiye aliyekuwa akishona kola kule kiwandani, kola za shati za shule, kazi ambayo msimamizi hampi mtu mwingine hata kama foleni imefika mlangoni. Nikamwambia zipu yako haikwami. Nikamwambia mtu wa namna hiyo hawekwi karibu na vyoo. Leo akaniambia, "Mama, kama binti yako anashona kama wewe unavyoongea, mimi nitakuwa tajiri. Tafadhali usinipigie kesho."

Kesho sitampigia. Kesho kutwa, tutaona.

Sitakuandikia habari za kula wala kulala wala kufunga komeo. Unajua kupika kuliko mimi ila chapati, na komeo baba yako atalitia mwenyewe. Nakuandikia kuhusu benchi.

Leo asubuhi ulipokuwa unapanga vitu, cherehani, ovaloki, pasi, boksi la nyuzi, ukamwambia baba yako, "Baba, na benchi nalichukua. Wateja wangu watapata pa kukaa." Akaitikia tu. Mimi nikaenda jikoni nikaanza kugonga sufuria. Ulikuja ukanikumbatia kwa nyuma ukidhani nalia kwa sababu unaondoka. Nililia, ndiyo, nisiseme uongo, nani asiyelia. Lakini nusu ya machozi yale yalikuwa ya benchi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwenye vitumbua, ili usinione mjinga wa siku moja. Mimi mjinga wa siku nyingi.

Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimefika Durban na kikaango changu cha vitumbua cha chuma, kile chenye mashimo saba, nimekibeba kutoka Tanga mpaka hapa kwenye begi la nguo, mpakani wakaniuliza ni silaha gani. Nikajiambia, mji mzima huu hauna kitumbua, kwa hiyo mimi peke yangu nitawalisha. Unaona hesabu yangu ilivyokuwa tamu? Nikaweka meza karibu na rank ya taxi, kituo cha daladala zao, pembeni ya MaDlamini, yule mama wa Kizulu mwenye kucheka kwa bega. Yeye anauza amagwinya, maandazi yao makubwa yasiyo na iliki wala sukari ya kueleweka, wanayapasua katikati na kutia polony, ile soseji yao nene ya kukata vipande. Saa mbili asubuhi beseni lake tupu, anakung'uta aproni, anaondoka. Saa tano mimi bado nafukuza nzi.

Dereva mmoja wa taxi alinunua viwili, akauma, akatazama ndani, akageuza, akatazama tena. Akaniuliza, "Mama, polony iko wapi?"

"Hakina polony. Hiki ni kitumbua. Kina iliki, kina tui la nazi."

"Sawa, lakini polony iko wapi?"

Mwanangu, nilimsomea yule mtu! Nilimwambia hajui kula. Nilimwambia kwetu hiki wanakula maharusi. Foleni nzima ya taxi ikasikia, na kuanzia siku ile wakawa wakipita mezani kwangu wanatazama upande wa pili, kama watoto wanaopita kwa mwalimu mkali. MaDlamini akaniambia taratibu, "Sisi," yaani dada kwa lugha yao, "wao wana njaa, hawataki shule." Nami nikanuna. Vitumbua tukala sisi nyumbani, asubuhi, mchana, jioni, mpaka ukawa ukikiona unalia. Mpaka leo huli kitumbua, na watu wakiuliza nasema mwanangu hapendi vitu vitamu. Uongo. Ulikula biashara ya mama yako mpaka ukaikinai.

Lile nilikuwa nimejifunza, nikadhani nimemaliza. Nikajisifu kwamba sasa najua: muuzie mtu anachotaka yeye. Ndiyo maana nilipofungua duka la vitenge hapa chini Albert Park, ulipokuwa na miaka kumi na minne, nilichagua vitenge ambavyo hata wenyeji wanavitaka, vya harusi zao na vya makanisa yao. Na vilitakiwa! Nilikwenda Johannesburg mwenyewe kuchagua majora, nikarudi nayo kwenye basi nimeyakalia. Nikaandikisha kibao: MAMA TUMU, VITENGE BORA AFRIKA NZIMA. Mchoraji akaniuliza, "Afrika nzima, mama?" Nikamwambia, andika, kama nafasi ipo ongeza na visiwa.

Na baba yako, kwa furaha, akatengeneza lile benchi. Kule ghalani Mobeni alikofanya kazi walikuwa wakitupa mbao za paleti zilizovunjika, akawa akirudi nazo moja moja kwenye taxi, watu wakimlalamikia kwa kuwachoma mbavu. Miezi miwili. Akapiga randa, akapiga msasa, akalipaka vanishi mpaka ukilitazama unaona sura yako. Benchi la watu sita. Tukaliweka ndani, upande wa kulia ukiingia.

Mtu wa hapa anaweza kuuliza, benchi la nini kwenye duka la vitenge? Wewe huwezi kuuliza, umelelewa na mimi. Kwetu duka lisilo na pa kukaa ni duka la mtu mchoyo. Babu yako kule Muheza alikuwa na kiduka cha mafuta ya taa na chumvi, na nje baraza, na barazani watu kuanzia alfajiri. Mtu akija hanunui, anakaa. Akikaa, habari zinakuja. Habari zikija, watu wanakuja. Ndivyo nilivyoona, ndivyo nilivyofanya. Sikujiuliza kwamba babu yako barazani kwake walikaa wateja wake. Kijiji kizima kilinunua chumvi kwake, kilipenda kisipende. Mimi wateja wangu walikuwa wanawake wa Kizulu wanaopita na mikoba yao wakitoka kazini, na benchini kwangu walikaa watu wetu: wa Tanga, wa Kigoma, wa Bukavu, wanaume wa zamu ya usiku wenye mchana mrefu. Chai ya tangawizi juu yangu. Mpira kwenye simu ya mtu. Siasa za nchi tatu.

Na nilipenda, Tumu! Nisijifanye nilionewa. Ilikuwa miaka ile ya wageni kupigwa mitaani, ya kufunga milango mapema, mtu anatazama nyuma akitembea, na mle ndani kukawa na Kiswahili, na kicheko, na mtu wa kukuuliza umeamkaje. Mimi katikati, kama harusi yangu haijaisha. Nilikuwa nikisimulia, wanacheka. Nilikuwa nikitoa ushauri wa biashara! Watu sita wamekaa, mimi nimesimama nawapa ushauri, na mgongo wangu uko mlangoni.

Mama Espe aliniambia mapema. Alikuwa bado anasuka kwenye saluni ya watu, akapita na mfuko wake wa nywele, akasimama kizingitini, akanitazama kwa jicho lake lile la pembeni. "Mama Tumu, mi nakuambia ukweli. Mutu akipita hapa inje, anaona banaume sita bamekaa mustari, anafikiri hapa kuko matanga. Alors ataingia kununua nini? Sanduku?"

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Wiki mbili sikumsalimu, tunapishana kwenye ngazi kama lifti imetugombanisha. Sasa mimi na yeye tunakula sahani moja, lakini wakati ule nilisema ana wivu. Mtu akikuambia ukweli na ukamwona ana wivu, hapo biashara imeshaanza kuumwa. Lakini sitaki kukuhubiria. Naendelea.

Sasa lile jambo lenyewe.

Unaikumbuka ile Alhamisi? Najua unaikumbuka. Hatujawahi kuitaja nyumbani humu, wala mimi, wala wewe, wala baba yako. Ulikuwa umetoka shule, umekaa ncha ya benchi na madaftari yako, pale ulipokuwa umechora jina lako kwa ncha ya mkasi, TUMU, nikakupigia kelele kwa kuharibu vanishi. Akaja mama mmoja wa makamo, mnene wa heshima, kofia nyeupe, karatasi mkononi. Akasimama mlangoni. Mimi sikumwona. Nilikuwa nasimulia, Mungu anisamehe, jinsi nilivyowashinda akili wauzaji wa Johannesburg kwenye bei ya majora. Nilikuwa nawasimulia jinsi ninavyojua biashara.

Mmoja wa waungwana wa benchi ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba mama ana wageni, aje baadaye. Yule mama akatazama mle ndani, wanaume sita wakamtazama yeye, akaomba radhi, yeye ndiye aliyeomba radhi, akaondoka.

Wewe ukaruka. Ukamkimbilia mpaka kwenye robot, taa za barabarani za pale kona, ukazungumza naye kwa Kizulu chako kizuri cha shule, ukarudi unahema. Ukasimama mbele ya watu wote ukasema, "Mama, ni wa kwaya. Wako arobaini. Wanataka kitenge cha namna moja. Nimemwambia arudi, anasema hapana mtoto wangu, mama yako ana wageni. Mama, wateja wanaogopa kuingia. Wanaogopa benchi."

Na mimi, badala ya kutoka mbio na kanga yangu kumfuata yule mama mpaka baharini, nikaona aibu. Wageni wangu wamesemwa na mtoto. Nikakuambia, "Unanifukuzia wageni, Mwantumu? Nani kakulea hivyo?" Nikakushika mkono. Nikakupitisha kwa kila mmoja umwombe radhi kwa kumpa mkono. Watu sita, mikono sita. Wengine walikuwa wanasema, mwache, mama, mwache mtoto. Sikukuacha. Ulipofika wa sita sauti yako ilikuwa imekwisha, ukampa mkono bila neno.

Kisha nikamimina chai.

Wiki ya tatu, Jumapili, nilikuwa nafagia mbele ya duka, nikasikia nyimbo. Wakapita katikati ya barabara, arobaini, wanawake wa umri wangu, wamependeza mpaka magari yamesimama. Kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Tumu, jora lile mimi nilikuwa nalo! Lilelile! Ndege walewale walikuwa rafuni nyuma yangu, wamekunjwa. Vyao walinunua ng'ambo ya barabara, kwa yule bwana asiyesalimia mtu, asiye na hata kigoda, ambaye nilikuwa nikimcheka. Yule mama wa kofia nyeupe akaniona, akanipungia mkono kwa wema. Nikampungia na ufagio.

Duka lilikufa mwezi wa kumi na nne tangu nilifungue. Wewe nilikuambia ni kodi. Baba yako nilimwambia ni kodi. Benchi niliwaambia ni kodi. Kodi haikupanda hata mara moja, mwanangu. Mama yako alishindwa kutofautisha sebule na duka, na baada ya Mama Espe, aliyemwambia mbele ya macho yake alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, na mama huyo akamfanya mtoto aombe radhi kwa kuona.

Basi. Nimeliandika. Na kule mlango wa pili bado mnacheka, Mama Espe anasema kichwa chako kigumu kama cha mama yako.

Usije ukadhani nakuambia uwachukie watu wa benchi. Siku tuliyofunga, lifti mbovu, ni walewale sita waliopandisha majora yote mpaka ghorofa ya nne, mgongoni, hakuna aliyetaka hata soda. Baba yako alipovunjika mguu ghalani, nani alikuwa akimteremsha ngazi kwenda kliniki? Walikuwa watu wema waliokaa mahali pasipo pao, na aliyewakalisha ni mimi. Mtu wetu hawezi kuondoka kwenye kiti ulichompa wewe mwenyewe na chai juu. Adabu haimruhusu. Na mimi adabu haikuniruhusu kukiondoa. Tukaadabishana mpaka duka likafa.

Na yale majora tuliyopandisha, uliyatendaje? Hapo ndipo najivunia mpaka natamani kuwa na kibao kingine! Uliingia chini ya kitanda ukayatoa moja moja ukaanza kukata. Ukaharibu la kwanza. Ukaharibu la pili, nikanyamaza, nilikuwa nimechoka kusema. La tatu ukanishonea gauni, lile la bluu lenye ndege wa njano. Siku niliyolivaa kwenye harusi kule Sydenham, watu walinigeuza kama sanamu ya dirishani: nani fundi, nani fundi? Nikawaambia, fundi ana miaka kumi na sita na sasa hivi yuko kwenye mtihani wa hesabu. Kila ulichokifanya Mobeni miaka hii mitatu, kola zako, zipu zako, akiba yako uliyoificha hata kwangu (na ulifanya vyema, ningeisimulia), kilianzia kwenye vitambaa ambavyo mama yako alishindwa kuviuza.

Siku hizi, unaona, nauza chapati za oda, na kuanzia hapa mpaka Sydenham asiyezijua ni mgeni wa jana. Inayumba, ndiyo. Mwezi mwingine oda tele, mwezi mwingine nakunja mikono. Lakini hujaniona namkaribisha mteja akae. Nampa chapati zake mlangoni, nacheka naye mlangoni, aende zake. Na yule MaDlamini, sasa ananiagizia ishirini kila Ijumaa, anazipasua anatia polony. Naziona. Nafumba macho. Nachukua hela yangu.

Sasa rudi kwenye benchi, maana unaenda kulitafuta nyuma ya bakkie na hutaliona.

Baada ya simu ya chumba, nilimwita baba yako. Nikamwambia, "Baba Tumu, lete msumeno."

"Wa nini?"

"Benchi."

Nikasema sasa atakasirika, miezi miwili yake ile, na watu waliomlalamikia kwenye taxi. Akasema, "Miaka tisa nasubiri uniambie."

"Kumbe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyelitengeneza. Nilijua linakaa watu wangapi."

"Na hukusema!"

"Mtoto alisema," akasema. "Nikaona alichopata."

Mwanangu, baba yako haongei, lakini akiongea anapiga kwenye mfupa.

Akalishusha mpaka kule chini kwenye maegesho, na wewe ukiwa umeinamishwa kichwa hukusikia kitu. Nimelishika upande mmoja yeye akikata. Zilikuwa mbao ngumu zile, paleti za meli si mchezo. Ncha yenye jina lako ameitengenezea miguu minne, imekuwa kigoda. Kigoda cha mtu mmoja, TUMU imeandikwa pale pale ulipoandika, amepiga msasa pembeni tu hakugusa herufi. Zilizobaki ni rafu mbili za dirisha la mbele, za kuwekea nguo zilizokwisha, watu wazione wakipita. Nimeona nikuambie ni za nini kabla hujamuuliza baba yako mbao hizi za nini, akakujibu kwa neno moja.

Atakayekaa kwenye kigoda ni anayepimwa au anayesubiri pindo. Akimaliza, anasimama, anakuja mwingine. Mimi nikija sikai. Nikikisogelea, niambie mbele za watu. Nakuomba sana, niambie mbele za watu, na sauti ileile ya ile Alhamisi, na mimi ndiye nitakayekupa mkono. Mkono wa saba. Nimechelewa nao miaka tisa, lakini naja nao.

Naja nao upesi! Maana nimeshawaalika. Usishtuke. Wale sita, wawili walihama, waliobaki wanne nimewapigia wote leo, watakuja pamoja na Papa Espe na Mama Espe, na MaDlamini, na baba yako na mimi. Tisa. Nimewaambia kila mmoja aje na nguo iliyochanika kweli, si ya kuchana kusudi, na atalipa bei iliyobandikwa ukutani kama mtu mwingine. Mmoja wao akaniuliza, "Sasa, Mama Tumu, huko tutakaa wapi?"

Nikamwambia, "Hamkai. Mnatoa nguo, mnalipa, mnatoka. Saa nane akishafunga, pilau liko ufukweni, mkeka ninao, huko mtakaa mpaka mchoke."

Kisha akasema, "Yule binti yako alikuwa na haki siku ile." Wameijua wote, Tumu. Wote waliijua, wakala adabu yao pamoja na chai yangu.

Mimi nitakuja na lile gauni la bluu, limefumuka kwapani kwa sababu ya kunenepa kwa raha zako. Kwenye foleni nitakuwa wa mwisho, nyuma ya MaDlamini, na wateja wako wa kweli wakija tutawapisha wapite mbele.

Naona mnaagana huko, kicheko kimehamia mlangoni. Naifunga barua kabla hujaingia na hizo nywele zako mpya. Nikiziona nikaanza kulia, nitakuambia tu panya amerudi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, mwanangu, saa tatu asubuhi. Ukipandisha pazia la dirisha la mbele, tazama barabarani. Tutakuwa tumesimama.

Mama yako